Ng'ombe Mmoja, Wauzaji Wawili

Kazi ilikuwa maneno elfu nne: mwongozo wa kusanidi hifadhi ya pamoja kwenye klasta ya sava. Mteja yuko ng'ambo, hatujawahi kuonana, na jina litakalokaa juu ya mwongozo si langu. Ndivyo kazi hizi zilivyo. Wiki moja unaandika kuhusu chakula cha mbwa wa Kanada, wiki inayofuata ni bima ya meno, halafu inaingia hii. Ililipa vizuri kuliko mbwa, nikaichukua. Chuoni nilifika mwaka wa pili tu kabla karo haijanishinda, na mambo ya sava yalikuwa ya mwaka wa tatu. Kwa hivyo nilijifundisha hapa hapa Nyamarambe, kwenye chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo, na laptopu yenye RAM ya GB 8.

Mambo yenyewe, ukiyavua yale majina yake makubwa, si magumu. Sava ni kompyuta inayohudumia kompyuta zingine. Ikiwa ni moja na imekufa saa nane usiku, kila kitu kinalala. Ndiyo watu wananunua mbili, tatu, tano, wanazifunga pamoja ziwe kama timu, na timu hiyo ndiyo klasta. Moja ikianguka, nyingine inapokea wateja wake na hakuna anayejua kulikuwa na kifo. Lakini sasa, kazi iliyokuwa imeandikwa na marehemu iko wapi? Kama kila sava inaweka vitu kwenye diski yake, marehemu amekwenda na daftari. Dawa ni kuitoa diski nje, iwe ya wote, kila sava iifikie kwa waya au kwa mtandao. Kama kisima kati ya maboma matatu.

Hapo ndipo taabu inapoanzia, kwa sababu kisima unateka tu, diski unaiandika.

Miongozo yote niliyosoma ilionya: usiunganishe diski moja kwa sava mbili kwa wakati mmoja kwa mfumo wa kawaida wa mafaili. Hakuna hata mmoja ulioonyesha nini hasa kinatokea. Nikaamua kuona. Nilitengeneza mashine pepe ndani ya laptopu kwa kutumia VirtualBox, nikazipa diski moja ya pamoja, nikaipanga kwa ext4, ule mfumo wa mafaili ambao Linux nyingi hutumia, kisha nikaiunganisha kwa mashine mbili. Kwa ya kwanza nikaandika faili linaloitwa mahindi. Nikaenda kwa ya pili kuangalia. Hakuna mahindi. Nikaandika maharagwe. Nikarudi kwa ya kwanza. Hakuna maharagwe.

Sababu ni kwamba kila mashine huisoma diski mara moja, ikaweka picha yake kichwani, kisha ikafanya kazi kwa kuangalia ile picha. Haina sababu ya kurudi kuangalia tena, kwa sababu inaamini iko peke yake. Mahali ambapo ya kwanza imeandika, ya pili inaona bado pako wazi, inaandika juu yake. Na hakuna kelele yoyote. Zote mbili ziliniambia kazi imekamilika, sawa kabisa. Ni nilipozizima na kuikagua diski ndipo programu ya ukaguzi ilipoanza kulalamika mstari kwa mstari: faili moja halipo, lingine lina jina lakini ndani hakuna kitu. Diski haikuwa mbovu. Hakuna mashine iliyodanganya. Kila moja iliandika kwa moyo safi kile ilichokijua.

Dawa yake iko, na ni ya zamani kuliko mimi. Kampuni ya Digital ya Marekani ilitangaza VAXcluster mwaka 1983, na ndani yake kulikuwa na msimamizi wa kufuli: kabla hujaandika, unaomba kufuli, ukipewa, wengine wanaambiwa picha walizonazo kichwani zimepitwa, wazitupe. Mifumo ya leo kama GFS2 na OCFS2 inafuata wazo hilo hilo. Inakuwa polepole kidogo kwa sababu kila mtu anaomba ruhusa, lakini mahindi yanabaki mahindi. (Na kila mashine lazima iwe na jina lake peke yake. Hapo nilicheka, kwa sababu kwetu Kikisii mama mzazi tunamwita baba, na baba tunamwita tata. Wanaoolewa huku kutoka makabila mengine huchukua miezi kujua nani ameitwa.)

Sehemu iliyonikalisha siku tatu haikuwa kufuli. Ilikuwa mapigo ya moyo.

Sava za klasta huambiana kila mara, mara kadhaa kwa sekunde: niko, niko, niko. Programu kama Corosync kazi yake ni hiyo. Moja ikinyamaza kwa muda uliopangwa, zingine zinahesabu imekufa, zinachukua kazi yake na diski yake. Sasa fikiria haijakufa. Fikiria ni waya tu uliokatika katikati. Ya huku inasema, mwenzangu amekufa, naichukua diski. Ya kule inasema vivyo hivyo. Zote ziko hai, zote zina nguvu, zote zinaandika. Wataalamu wanaita hali hiyo ubongo uliopasuka.

Nilikuwa hapo, kwenye aya hiyo hasa, stima ilipopotea.

Mvua ilikuwa imeangusha nguzo upande wa Tabaka, na baada ya saa chache mnara wa simu nao ukazima. Kwa siku mbili Nyamarambe nzima haikuwa na simu. Kwa kawaida ningesema ni likizo. Lakini nyanya alikuwa hospitalini Kisii mjini, amevunjika nyonga, amelala siku ya tano akisubiri upasuaji, na hospitali ilikuwa imesema vile vyuma vya nyonga vinalipiwa kabla.

Familia ilikuwa imepanga. Baba mdogo, aliye Nairobi, ndiye mwenyekiti wa kundi la WhatsApp. Mama, aliye nyumbani, ndiye anayelisha na kukama ng'ombe. Binamu yangu alikuwa hospitalini zamu ya wiki. Makubaliano yaliyoandikwa kwenye kundi, na bado yapo ukipandisha juu, yalikuwa maneno machache: michango isipotosha, tuuze yule mwekundu. Nani atauza, haikuandikwa. Kila mtu alijua. Ila kila mtu alijua lake.

Jumanne jioni baba mdogo alimpigia mama. Mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Akapiga tena saa tatu, akapiga alfajiri. Akanipigia mimi, hapatikani. Akampigia binamu hospitalini, naye akasema nyumbani kumekuwa kimya tangu jana. Upasuaji ulikuwa Alhamisi. Baba mdogo hakukaa akingoja. Kwa kweli ukimjua utajua hakuumbwa kungoja. Alikuwa na nambari ya mfanyabiashara wa ng'ombe wa Rongo, mtu aliyewahi kumwona yule mwekundu kwa macho yake. Wakapatana shilingi 62,000. Pesa ikaingia kwa simu Jumatano asubuhi, na kufikia saa sita ilikuwa imeshaingia kwenye akaunti ya hospitali. Ng'ombe angechukuliwa Ijumaa.

Upande wetu, Jumatano hiyo hiyo, jirani alifika kutoka Kisii na ujumbe wa mdomo kutoka kwa binamu: hospitali inataka pesa kabla ya Alhamisi, na hakuna aliyesikika. Nilikuwepo mama alipoupokea. Alikaa kwenye kigoda akiishika simu yake iliyozima kama inaweza kuwaka kwa kuonewa huruma. Akasema, "Baba yako mdogo angekuwa na kitu angekuwa ametuma mtu." Hapo hapo akavaa viatu. Mwalimu mmoja wa shule ya karibu alikuwa amemtamani yule mwekundu tangu Krismasi. Shilingi 55,000, taslimu, kwa sababu M-Pesa ilikuwa imekufa na mnara. Kabla ya jua kutua ng'ombe alikuwa kwenye boma la mwalimu, anakula nepia kama kwamba amezaliwa pale.

Alhamisi mama alipanda matatu ya kwanza. Dirishani kwa keshia aliambiwa kuna elfu sitini na mbili zilizoingia jana. Unajua alifanya nini? Alimshukuru Mungu kwa sauti. Alidhani Nairobi wamechanga. Akaongeza zake 55,000, keshia akampa risiti, hesabu ikakubali, nyanya akaingia kwenye chumba cha upasuaji. Mpaka hapo hakuna mahali popote palipowaka taa nyekundu. Kila mtu alikuwa ameambiwa kazi imekamilika, sawa kabisa.

Ijumaa saa nne lori dogo la kutoka Rongo likasimama langoni, na wanaume wawili wakashuka na kamba.

Stima iliporudi nilimaliza mwongozo. Nisingesema niliuandika kwa utulivu. Kila nilichosoma kuhusu ubongo uliopasuka nilikisoma na sura ya baba mdogo upande mmoja na ya mama upande mwingine. Nilijua pia si sisi peke yetu. Tarehe 21 Oktoba 2018, GitHub, mahali ambapo waandishi wa programu duniani huweka kazi zao, mafundi walikuwa wakibadilisha kifaa cha mtandao upande wa mashariki wa Marekani. Mawasiliano yakakatika kwa sekunde 43. Sekunde tu. Mfumo ukaamua upande wa mashariki umeondoka, ukaupa upande wa magharibi uongozi, na mawasiliano yaliporudi kila upande ulikuwa na maandishi ambayo mwenzake hana. Zile zilikuwa hifadhidata, si diski moja ya pamoja, lakini ugonjwa ni ule ule. Kuunganisha upya kulichukua saa 24 na dakika 11. Wana pesa kutuzidi na wana wahandisi, na bado iliwachukua siku nzima. Sisi tulikatika siku mbili.

Klasta zinajikinga kwa njia mbili, na hapa nitaeleza kidogo kwa sababu baadaye mambo haya yalikuja kusemwa nyumbani kwa maneno mengine.

Ya kwanza ni akidi, ile ile ya Bunge. Sava haina ruhusa ya kuandika mpaka iwe upande wenye zaidi ya nusu ya kura. Zikiwa tano, lazima ziwe tatu zinazoonana. Zikiwa tatu, mbili. Lakini zikiwa mbili tu, zaidi ya nusu ya mbili ni mbili, yaani moja ikinyamaza nyingine nayo lazima isimame, na sasa klasta ya nini? Ndiyo sababu klasta ya sava mbili huongezewa shahidi. Hii ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Shahidi haweki data. Hahudumii mteja. Anaweza kuwa kompyuta ndogo kabisa mahali pengine, hata folda tu iliyo mbali. Kazi yake ni moja: waya ukikatika, anayemfikia shahidi kwanza ndiye anaendelea, na mwingine anakaa chini.

Ya pili ni kali. Kabla sava haijachukua diski ya mwenzake, haitoshi kudhani amekufa. Lazima ihakikishe. Inatuma amri kwenye swichi ya umeme, inamkatia mwenzake stima, au inamnyang'anya ruhusa ya kugusa diski. Kifaa cha kufanya hivyo kina jina ambalo wahandisi walilitoa kwa mzaha, STONITH, kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayosema piga ile sava nyingine risasi ya kichwa. Ukisoma mara ya kwanza unacheka. Ukifikiri, unaona maana. Nusu-mfu ndiye hatari. Aliyezimwa kabisa hawezi kuharibu kitu.

Kikao cha familia kilikaa Jumapili, chini ya mparachichi. Mfanyabiashara wa Rongo alikuja na shahidi wake, mwalimu alikuja na mkewe, baba mdogo alifika na gari la usiku kutoka Nairobi, macho mekundu. Mwalimu alisema maneno mawili tu: nilimlipia, nikampeleka. Akanyamaza, na kwa kweli alikuwa na haki ya kunyamaza. Yule wa Rongo alitaka ng'ombe au 62,000 zake na nauli ya lori juu. Pesa zote mbili zilikuwa zimeshaliwa na hospitali. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ndama mmoja na mbuzi wawili.

Kisha ikaanza ile nyingine, ambayo haikuwa ya ng'ombe. Baba mdogo akasema yeye ndiye mwenyekiti, mtu mwingine yeyote aliyeuza aliuza bila ruhusa. Mama akasema mwenyekiti wa nini, wa simu? Nani anaamka saa kumi kukama? Tangu baba afariki huyu mwekundu amekuwa mkononi mwake. Halafu baba mdogo akasema jambo ambalo ningependa asingelisema, kwamba mama aliolewa tu katika boma hili. Wazee wawili wakainua mikono. Mtu wa pili angeongeza neno moja hapo, leo tungekuwa na maboma mawili yasiyosalimiana. Nilikuwa nimesoma wiki nzima kuhusu kumkatia mwenzako stima, na hapo nikaiona ikijaribiwa kwa mdomo.

Aliyetuokoa ni binamu, bila kukusudia. Mama alikuwa ameshaanza kushuku kwamba zile 62,000 hazikufika zote, kwamba pengine ng'ombe aliuzwa zaidi. Akamtazama baba mdogo. Binamu, akiwa amekaa kwenye mzizi, akapaza sauti: "Anko, fungua sava!"

Watu wakaangua kicheko, hata yule wa Rongo.

Kwa msomaji asiye Mkenya: neno sava lilifika kwa nyanya zetu mwaka 2017. Tulipiga kura tarehe 8 Agosti, matokeo yakatangazwa tarehe 11, na upinzani ukaenda Mahakama ya Juu ukisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na fomu za vituoni. Vituo vilikuwa 40,883, kila kimoja na fomu yake ya 34A iliyotakiwa kupigwa picha na kutumwa kwenye hifadhi moja ya tume ya uchaguzi. Chris Msando, aliyesimamia teknolojia hiyo kwenye tume, aliuawa siku chache kabla ya kura. Tarehe 28 Agosti mahakama iliamuru pande zote zifunguliwe sava, na amri ilikuwa ya kusoma tu. Hilo watu wengi hawalikumbuki. Hakuna aliyeomba kuandika. Walipewa ruhusa ndogo kabisa inayotolewa kwenye hifadhi yoyote ya pamoja, ile unayompa mgeni: angalia, usiguse. Tume haikuitii amri hiyo kikamilifu, na tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili waliufuta uchaguzi wa urais, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, mtu wa kwetu Nyamira. Kule kukataa kufungua kulihesabiwa dhidi ya tume. Mimi nilikuwa shule ya sekondari. Kwa miezi baadaye ungedai chenji kwa makanga wa matatu, akisitasita, gari zima linaimba fungua sava.

Mwaka 2022 fomu za 34A ziliwekwa kwenye tovuti ya umma, vituo 46,229, mtu yeyote mwenye bando akazishusha na kujumlisha mwenyewe. Bado kesi ilienda mahakamani, bado watu walikasirika. Lakini walikasirika wakiwa wanatazama karatasi zile zile. Mimi naona hiyo ni tofauti kubwa, na nimewahi kugombana na marafiki juu yake.

Sasa baba mdogo akatoa simu. Hakumpa mama mkononi. Aliishika mwenyewe akamwonyesha, akisogeza kwa kidole. Ujumbe wa M-Pesa wa kupokea 62,000, ujumbe wa kulipa hospitali 62,000, saa na dakika. Mama alisoma polepole, akasoma tena, akarudi kuketi. Kitu fulani kikalegea. Hakuna mtu anayebishana na M-Pesa, na nimejiuliza kwa nini. Nadhani ni kwa sababu salio lako liko mahali pamoja tu. Ilianza mwaka 2007, na hadi 2015 sava zake zilikuwa Ujerumani. Mama mboga wa Nyamarambe akimtumia mtoto mia mbili za mkate, hesabu ilipita Ulaya ikarudi. Ajenti wa hapa na ajenti wa Kisii hawawezi kukutolea pesa ile ile mara mbili, hata wakiwa hawajawahi kuonana. Mtandao ukikosekana, M-Pesa inakataa kazi. Tunailaani sana siku hizo. Lakini ndivyo inavyopaswa: isiyoona wenzake haiandiki.

Mzee mmoja, jirani ambaye ni wa ukoo mwingine, ndiye aliyependekeza njia. Wa Rongo alipwe, bila nauli ya lori. Elfu ishirini mara moja, na tulizipata kwa ndugu aliye Minnesota, ambaye kama Wakisii wengi wa kule amezoea simu za Jumapili. Zilizobaki, elfu tano kila mwezi, baba mdogo nusu na mama nusu. Mwalimu abaki na ng'ombe. Na kuanzia siku hiyo, kitu chochote cha boma kisiuzwe kabla ya kumfikia mwanamke mwenye kibanda cha M-Pesa hapo sokoni, ambaye si wa ukoo wetu, hana mchango wala faida, na ana sola. Akishaambiwa na mmoja, anayekuja wa pili anamrudisha. Simu zikizima, utamfikia kwa miguu. Hata huyo mzee hakuwahi kusikia neno klasta. Niliinamisha kichwa ili mtu asinione nikitabasamu.

Baadaye nilimhadithia nyanya, alipokuwa amerudi na kutembea kwa fimbo ya chuma yenye miguu minne. Yeye hakushangazwa sana na sava. Alisema zamani hawakuwa na matatizo hayo kwa sababu hawakuchanganya. Kila mke alikuwa na ekiage yake, ghala lake la wimbi, na shamba lake, na mahari ya binti wa nyumba ile yalioza mwana wa nyumba ile. Mume alikuwa na shamba lake mwenyewe pembeni, emonga. Hakuna aliyetia mkono kwenye ghala la mwenzake. Ni kweli, na kuna klasta zinazojengwa hivyo hivyo, kila sava na diski yake, hakuna cha pamoja. Lakini nilimkumbusha ebisarate, zile kambi za ng'ombe ambako vijana walilinda mifugo ya maboma mengi pamoja, kabla Waingereza hawajazipiga marufuku karibu na Vita Vikuu vya Kwanza. Zile si zilikuwa za pamoja? Akafikiri. Babu yake alizisimulia, akasema. Vijana walilala pale pale na ng'ombe, hakuna aliyelinda akiwa Nairobi.

Halafu ndipo akauliza mwekundu yuko wapi. Hatukuwa tumemwambia. Kila mtu alikuwa amedhani mwingine amemwambia.

Nilimweleza kwa mpangilio: mvua, mnara, Rongo, mwalimu, lori. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliyekuwa amemnunua yule ng'ombe akiwa ndama, kwa pesa zake za ndizi, alikuwa yeye. Wakati wote wa mambo haya alikuwa kitandani Kisii, mjini kwenye mtandao mzuri, na simu yake ndogo chini ya mto.

"Nilivunjika nyonga," akasema. "Mdomo haukuvunjika."

Mwongozo nilituma, mteja akarekebisha koma mbili, akalipa. Wa Rongo bado anadai elfu kumi na saba. Mwezi uliopita baba mdogo alituma sehemu yake siku tatu kabla, mama akatuma yake siku hiyo hiyo, na yule wa kibanda akawaandikia wote wawili ujumbe kwamba imefika. Nyanya, Jumamosi akitoka kanisani, hupitia kwa mwalimu kumwangalia mwekundu. Hurudi na chupa ya maziwa, lita moja. Hatujui kama mwalimu humpa au humuuzia.